Chapa ya 1917: wasanii sita walipanda juu ya Tao la Washington usiku wakatangaza jamhuri yao

#1 Kalamu Butu

Wakuu, salaam.

Humu kila uzi wa sanaa unaishia kwenye picha za rangi ya mafuta na bei zake za mnada. Leo nataka tukae na chapa moja ndogo, yaani picha inayopigwa kwenye karatasi kutoka kwenye bamba la chuma. Bamba lake la shaba ni kama sentimita 11 kwa 15 tu. Inaitwa *Arch Conspirators*, wala njama wa kwenye Tao, lile lango kubwa la ukumbusho wa George Washington jijini New York. Aliyeichora ni John Sloan, Mmarekani, mwaka 1917.

Kinachoonekana ni hiki: usiku, baridi, kundi la watu wamejikunyata ndani ya makoti mazito na kofia, wamekusanyika juu ya paa la mawe. Wanakula, wanakunywa, wanapiga soga kwenye mwanga wa taa. Nyuma ya ukuta mfupi wa paa kuna jiji na giza lake. Ukiipita haraka utajiuliza tu hawa wamekosa sebule au vipi, nani anakula juu ya paa New York mwezi Januari?

Kisa chake. Usiku wa tarehe 23 Januari 1917, msichana mmoja kutoka Texas, Gertrude Drick, mshairi na mpiga fidla aliyekuwa akijifunza kuchora kwa Sloan, aliwaongoza wenzake hadi Washington Square, uwanja wa Greenwich Village, mtaa wa wasanii New York. Alikuwa amegundua kwamba kile kimlango cha chuma kilicho kwenye mguu wa magharibi wa Tao hakifungwi. Ndani kuna ngazi za kuzunguka, zaidi ya mia, mpaka juu. Wakapanda sita: Drick, Sloan, msanii Mfaransa Marcel Duchamp, na waigizaji watatu wa kikundi cha Provincetown Players, yaani Charles Ellis, Betty Turner na mwenzao aliyeitwa Mann.

Walibeba chakula, vinywaji, taa za karatasi za Kichina, maputo mekundu, bastola za watoto zile za kulipua kibaruti, na mipira ya maji ya moto ya kukalia, maana marumaru ya Januari haikaliki hivi hivi. Usiku ulipokomaa, Drick akasimama kusoma tangazo la uhuru. Tangazo lenyewe karibu lote lilikuwa neno moja: kwa kuwa, kwa kuwa, kwa kuwa, kwa kuwa. Basi. Zikapigwa bastola, maputo yakafungwa kwenye ukingo, na Greenwich Village ikawa jamhuri huru. Wakamwomba na Rais Wilson ailinde kama taifa dogo.

Sloan mwenyewe alipokuja kuieleza chapa hii, alisema waraka ule ulikuwa wa kuitenga Greenwich Village na Marekani ya biashara kubwa na akili ndogo. Akaongeza kwamba tangu hapo mlango ule unafungwa.

Wengi wanaihesabu kuwa picha ya kuchekesha ya walevi wa sanaa. Mimi naona vingine. Aliyeshika sindano ya kuchorea bamba pale, yaani Sloan, alikuwa ameshajaribu uasi wa kweli, wenye kadi ya chama na gazeti na wagomaji, ukamtoka mikononi. Hili paa ndilo alilobaki nalo. Nitaeleza, ngoja kwanza nipate chai.

---

#2 Siti ya Mbele

Nipo. Tiririka mkuu.

---

#3 Ngosha Mkavu

Mkuu nakuheshimu lakini hapa umetupiga fiksi. Watu wazima, tena mmoja wao mwalimu, wanapanda mnara na maputo na bastola za watoto, halafu tuite uasi? Januari hiyo hiyo ya 1917 wazee wetu huku walikuwa wanabebeshwa mizigo ya majeshi ya Waingereza na Wajerumani kutoka Mto Ruvu mpaka Rufiji, wanakufa njiani kwa kuhara na njaa. Mitaa ya Kariakoo, Dar na Nairobi, imebaki na jina lao. Hao ndio walikuwa na sababu ya kusema "kwa kuwa".

Watoto wa kishua walikwenda kunywa sehemu iliyokatazwa. Mwisho wa habari.

---

#4 Kalamu Butu

Ngosha, swali lako ndilo lenyewe, na hiyo tarehe uliyoitaja inanisaidia.

Tarehe 22 Januari 1917, yaani siku moja tu kabla ya kupanda Tao, Wilson alisimama mbele ya Seneti akatoa ile hotuba ya amani isiyo na mshindi. Humo alisema mataifa makubwa na madogo yawe na haki sawa. Magazeti yote yalikuwa na habari hiyo. Kwa hiyo Drick na wenzake walipojiita taifa dogo linaloomba ulinzi, walikuwa wanamjibu rais kwa maneno yake yeye mwenyewe. Na aprili 6, wiki chache baadaye, rais huyo huyo akaiingiza nchi vitani. Taifa dogo la Kariakoo hakulizungumzia, hapo tuko pamoja.

Kuhusu ukishua: Sloan hakuzaliwa kwenye pesa. Kazaliwa 1871 Lock Haven, Pennsylvania. Biashara za baba yake zikafilisika, kijana akaacha shule akiwa na miaka 16 akaenda kufanya kazi kwenye duka la vitabu na chapa Philadelphia. Pale pale dukani ndipo alipojifunza hii kazi ya bamba na tindikali, peke yake, kwa kusoma kitabu cha mwongozo. Baadaye akachora kwenye magazeti ya mji huo. Alipohamia New York 1904 aliendelea kula kwa michoro ya mafumbo ya kila wiki aliyoituma gazeti la Philadelphia hadi 1910. Mtu aliyesifiwa na wakosoaji alikuwa analipa kodi ya pango kwa mafumbo ya gazetini.

Sasa huo uasi wa kwanza. 1910 akajiunga na Chama cha Kisoshalisti, pamoja na mkewe Dolly, na akawahi kugombea kiti cha bunge la jimbo kwa tiketi yao. Hakupata. Mwishoni mwa 1912 akaingia gazeti la kisoshalisti la *The Masses* kama mhariri wa picha, bila mshahara. Pale hakuna aliyelipwa kwa kuchora. Juni 1913 wafumaji wa hariri wa Paterson, New Jersey, wakiwa kwenye mgomo, walileta mchezo wa kuigiza mgomo wao wenyewe Madison Square Garden, wafanyakazi zaidi ya elfu moja jukwaani. Pazia kubwa la nyuma lenye picha ya kiwanda lilipakwa na Sloan na wenzake. Ukumbi ulijaa, hesabu ikatoka hasara, na mgomo ukashindwa.

Halafu Ludlow, Colorado, Aprili 1914. Askari na walinzi wa kampuni walishambulia na kuchoma kambi ya mahema ya wachimba makaa waliogoma, wanawake na watoto wakafia kwenye shimo chini ya hema. Jalada la *The Masses* la Juni 1914 ni la Sloan: mchimbaji amebeba mtoto mfu mkono mmoja, mkono mwingine anafyatua bastola, moto nyuma yake. Kama unatafuta hasira isiyo na maputo, iko pale.

---

#5 Binti Mvita

Kalamu, lile jalada la Ludlow nimeliangalia sasa hivi. Subhanallah. Ni mtu yule yule huyu wa pikiniki?

---

#6 Kalamu Butu

Yule yule. Miaka isiyofika mitatu kati ya picha hizo mbili.

Kilichotokea katikati ni ugomvi wa ndani. Wahariri wa *The Masses* walianza kuweka maneno chini ya michoro, msanii amechora mtaa tu na watu wake, mhariri anaongeza sentensi ili iwe propaganda. Wachoraji wakagoma. Ndiyo, wachoraji wa gazeti la wagomaji wakaligomea gazeti. Kura ikapigwa 1916, upande wa Sloan ukashindwa, akaandika barua ya kujiuzulu akaondoka, akifuatana na wengine kama Stuart Davis. Na kabla ya hapo, 1914, wasoshalisti wa Ulaya waliokuwa wameapa kutopigana wao kwa wao walisimama kila mmoja nyuma ya serikali yake. Jambo hilo lilimkata maini.

Kwa hiyo anayepanda ngazi zile Januari 1917 ni mtu wa miaka 45, hana gazeti, imani ya chama imemwisha, anafundisha vijana kuchora. Mwanafunzi wake anamwambia mwalimu, nimepata mlango uko wazi. Anapanda. Ngosha, unaweza kumcheka, lakini usimwite mtoto.

---

#7 Fundi Wino

Naomba niingie upande wa kazi, maana mnaongea siasa tu na chapa imeachwa mlangoni.

Nimefanya kazi hii miaka mingi, nilijifunzia Dar. Nyumba ya Sanaa pale Upanga ilikuwa na mashine, na mzee Lilanga na Robino Ntila ni miongoni mwa waliopitisha mabamba pale. Kwa hiyo niwaambie mkono unafanya nini.

Unachukua bamba la shaba, unalisugua mpaka linang'aa, unalipasha moto, unalipaka utando mwembamba wa nta iliyochanganywa na lami. Unaufukizia moshi uwe mweusi. Kisha unachora kwa sindano. Hukwangui shaba, unaondoa nta tu, na pale ulipopita shaba inaonekana kama uzi mwekundu kwenye weusi. Bamba linazamishwa kwenye tindikali. Tindikali inakula pale tu palipo wazi. Ukitaka mstari mwepesi unatoa mapema, unaupaka vanishi usiliwe tena, unarudisha bamba ili mistari mingine izame zaidi. Ukimaliza unasafisha, unapaka wino bamba zima, unaufuta juu kwa kitambaa kigumu chenye matundu, wino unabaki mifereji. Karatasi iliyoloweshwa, blanketi la sufu juu, unapitisha kati ya magurudumu mawili ya chuma. Picha inatoka imegeuka kushoto kulia.

Sasa angalieni mwanga wa zile taa kwenye *Arch Conspirators*. Mwanga ule si wino. Ni karatasi tupu. Sloan amefunga mistari ya giza, mkato juu ya mkato, mpaka ikaja kando ya taa akasimama. Usiku wote umechorwa, mwanga haukuchorwa. Ukikosea hapo hakuna kufuta kirahisi, unachukua kikwangulio unakwangua shaba na kuisugua upya, na alama inabaki. Kwenye bamba dogo hivyo, nyuso za watu ni mistari mitatu minne, na bado mwenye kuwajua anawatambua. Hapo ndipo nilipovua kofia.

Halafu kitu kimoja zaidi: chapa ni nyingi. Mchoro wa rangi ni wa tajiri mmoja. Bamba moja linatoa nakala kadhaa zinazouzwa kwa bei ndogo, na kila moja ni halisi. Kwa mtu mwenye mawazo ya Sloan hilo halikuwa jambo dogo.

---

#8 Mzee wa Mkwajuni

Fundi Wino shusha nondo. Hayo ndiyo tunayotaka, si bei za mnada.

---

#9 Kalamu Butu

Fundi, asante sana. Nikuongezee hapo kwenye bei ndogo: 1905 na 1906 alitoa mfululizo wa chapa kumi za maisha ya New York. Watu wa kawaida kabisa, mwanamke anazima taa kitandani, mume na mke wanacheza chumbani mtoto akiangalia, majirani wamelala juu ya paa usiku wa joto. Alikuwa anawaona kutoka dirishani kwake mtaa wa 23, anawakariri, anakwenda kuchora. Chama cha wachoraji wa rangi za maji kikamwalika aonyeshe kwenye maonyesho yao ya 1906, kisha kikamrudishia nne: ni chafu mno kwa macho ya heshima.

Kuna paa mbili basi kwenye kazi yake. Lile la 1906 ni la maskini waliolala nje kwa sababu vyumba havina hewa. Hili la 1917 ni la waliopanda kwa hiari. Ngosha atanirukia hapo, namwona anakuja.

---

#10 Ngosha Mkavu

Nimeshafika 😂. Umejifunga mwenyewe. Wale wa 1906 hawakuhitaji maputo.

Na bado hujajibu lile la msingi. Jamhuri ilidumu siku ngapi? Nani aliumia? Nani alifungwa? Uasi usio na gharama ni sherehe.

---

#11 Binti Mvita

Mimi nina langu. Kila nikisoma habari za usiku huu naona "Duchamp alipanda Tao", wengine "Sloan na Duchamp". Aliyeupata mlango ni mwanamke. Aliyepanga ni mwanamke. Aliyeandika na kusoma tangazo ni mwanamke. Kisha yeye ndiye anatajwa mwisho, "na wengineo". Huyu Drick alikuwa nani hasa?

---

#12 Kalamu Butu

Dada, ni kweli tupu. Maandishi kumhusu ni machache ukilinganisha na hao wawili. Kinachokumbukwa zaidi ni utani wake: alijiita Woe, yaani Ole, ili aweze kusema "Woe is me", maneno ya Kiingereza ya "ole wangu" ambayo neno kwa neno ni "Ole ni mimi". Ukiwa na akili ya namna hiyo, tangazo lililojaa "kwa kuwa" bila hitimisho linaeleweka. Nyaraka zote za serikali huanza hivyo, kwa kuwa hili, kwa kuwa lile, ndipo zije kukuamuru. Yeye akazibakiza sababu bila amri.

Na mtaa ule wakati ule ulikuwa wa wanawake kuliko historia inavyokiri. Kulikuwa na Heterodoxy, klabu ya wanawake iliyoanza 1912, wakikutana kula na kubishana juu ya kura, ndoa, uzazi wa mpango. Mkahawa uliolisha karibu kila mwasi wa mtaa, 137 MacDougal, ulikuwa wa Polly Holladay. Mabel Dodge alifungua sebule yake 23 Fifth Avenue kwa wanasiasa wa mgomo, washairi na wachoraji, na wazo la kuupeleka mgomo wa Paterson jukwaani lilizungumzwa katika duru hiyo. Wanawake wa New York walipata kura Novemba 1917, mwaka huo huo wa Tao. Kwenye chapa Sloan hakuwaweka kando, wamekaa humo humo kwenye duara na wanaume, bega kwa bega. Kwa mtu aliyezoea picha za wasanii wa Paris ambamo mwanamke ni mfano wa kuchorwa tu, hilo linaonekana mara moja.

---

#13 Mpemba wa Harlem

Asalaam alaykum wanajukwaa. Mimi huwa napita pale Washington Square. Mlango upo, mguu wa magharibi, umefungwa kama alivyosema mwenyewe. Watalii wanapiga picha mbele ya sanamu za George Washington, kimlango hakuna anayekiangalia.

Ila nataka kuongeza kitu kwa Ngosha. Tao lenyewe lilianza kama la mbao na plasta 1889, kusherehekea miaka mia tangu Washington aapishwe. Watu wakalipenda, likajengwa la marumaru, kazi ya msanifu majengo Stanford White, urefu karibu mita 23, likazinduliwa rasmi 1895. Lakini chini ya uwanja ule kuna makaburi. Ulikuwa uwanja wa kuzikia maskini na waliokufa kwa homa ya manjano, inakadiriwa maiti 20,000 hivi bado wapo chini.

Na kabla ya hapo. Wakati mji ungali wa Waholanzi, Februari 1644, Waafrika kumi na mmoja waliokuwa watumwa wa kampuni ya Kiholanzi walidai uhuru wao kwa barua. Walipewa nusu uhuru: wao huru lakini walipe kodi ya mazao na nguruwe kila mwaka, na watoto wao wabaki mali ya kampuni. Wakapewa mashamba kaskazini ya mji, ili wawe ngao dhidi ya wenyeji wenye ardhi waliokuwa vitani na Waholanzi. Mashamba hayo yanaingia mpaka kwenye eneo hilo la Washington Square na Village. Majina yao yameandikwa: Paulo d'Angola, Simon Congo na wengine.

Kwa hiyo jamhuri ya kwanza ya mahali pale, kama tunatafuta, ilidaiwa na weusi waliokuwa na sababu zote za kusema "kwa kuwa".

---

#14 Siti ya Mbele

😳😳 Mpemba umeumaliza uzi.

---

#15 Ngosha Mkavu

Umeona! Mpemba nakununulia urojo ukirudi. Hao ndio waasi, tena kwa karatasi, bila baruti ya watoto.

---

#16 Kalamu Butu

Mpemba, ahsante, na sitabishana nayo. Sidhani wale sita walijua wamekalia nini. Marekani ya 1917 haikufundisha hivyo vitu.

Ila Ngosha uliuliza nani alifungwa, na sitaki lipite. Angalia kilichofuata baada ya Aprili. Juni 1917 sheria ya ujasusi ikapitishwa. Mwanaharakati Emma Goldman akakamatwa mwezi huo huo kwa kupinga watu kuandikishwa jeshini, akafungwa, na Desemba 1919 akafukuzwa nchini. Posta ikakataa kusafirisha toleo la Agosti la *The Masses*. Bila posta gazeti halifiki kwa wasomaji, kufikia mwisho wa mwaka likafa. Wahariri na wachoraji wake wakashtakiwa: Max Eastman, Floyd Dell, John Reed, Art Young, Glintenkamp, na mshairi Josephine Bell kwa shairi moja. Wangeweza kupewa miaka 20. Kesi ya kwanza Aprili 1918, baraza la wazee likashindwa kukubaliana. Ya pili baadaye mwaka huo huo, vile vile. Art Young alisinzia kizimbani wakati maisha yake yanajadiliwa, alipoamshwa akachukua kalamu akajichora akiwa amelala.

Ninachosema ni kwamba hawa ni watu wale wale, mtaa ule ule, mikahawa ile ile. Sloan aliponea kwa sababu alikuwa ameshaondoka gazetini. Utani wa Januari na kesi ya 1918 vina shina moja, yaani kikundi cha watu wasiotaka kuomba ruhusa kwa serikali, wala kwa chama, wala kwa jopo la waamuzi wa sanaa. Gharama haikulipwa usiku ule juu ya Tao. Ililipwa chini.

---

#17 Fundi Wino

Hapo kwa waamuzi wa sanaa umegusa. Si ndio mwaka wa choo cha Duchamp?

---

#18 Kalamu Butu

Ndio. Wiki kumi na moja baada ya Tao. Jumuiya ya Wasanii Huru ilikuwa imeundwa mwishoni mwa 1916, kanuni yake: hakuna jopo, hakuna zawadi, ukilipa dola 6 unatundika kazi yako. Maonyesho ya kwanza yakafunguliwa Aprili 1917 Grand Central Palace. Duchamp, mmoja wa wakurugenzi, akapeleka chombo cha kukojolea cha kaure kilichosainiwa R. Mutt. Wakurugenzi wakakizuia. Yaani jumuiya isiyo na jopo ikafanya kazi ya jopo kwa mara ya kwanza iliyojaribiwa. Duchamp akajiuzulu, mpiga picha Stieglitz akakipiga picha chombo, na hiyo picha ndiyo tunayoijua leo kwa sababu chenyewe kilipotea.

Mimi hapo nauona mguu wa utani wa Drick. Unachukua umbo rasmi, tangazo au maonyesho, unalijaza kitu kisichostahili, unasubiri wakubwa waseme hapana. Duchamp alikuwa juu ya paa akisikiliza "kwa kuwa" zote zile. Siwezi kusema alilitoa wazo pale, lakini hewa ilikuwa moja.

Na Sloan? Kuanzia 1918 akawa rais wa jumuiya hiyo, akaishikilia kanuni ya milango wazi kwa zaidi ya miaka ishirini. Kila mwaka wapaka rangi wa Jumapili, wanaochora kujifurahisha tu, na mabingwa ukuta mmoja, kwa herufi ya jina. Wakosoaji wakacheka kazi mbovu zilizojaa. Yeye hakuyumba. Miaka yote hiyo ni mingi kwa mtu wa pikiniki, Ngosha.

---

#19 Ngosha Mkavu

Hiyo ya miaka zaidi ya ishirini nakupa. Haki yako.

Lakini nikuulize la mwisho, la pesa. Kodi za nyumba mtaani zilikuwaje baada ya jamhuri?

---

#20 Mpemba wa Harlem

Hilo namjibia. Zilipanda. Barabara ya Seventh Avenue ilipasuliwa katikati ya Village kuelekea kusini, majengo yakabomolewa, na Julai 1918 treni ya chini ya ardhi ikafika. Watu wa mjini wakaanza kuja Jumamosi kuangalia wasanii. Mikahawa ikaweka mishumaa na wahudumu waliovaa kama wachoraji. Wenye nyumba wakagawa vyumba wakaviita studio. Sloan na Dolly nao walihamishwa hamishwa. Leo chumba kimoja pale ukiambiwa kodi yake unakaa kitako.

---

#21 Binti Mvita

Kwa hiyo ule "ubohemia" ndio uliokuwa tangazo la biashara la madalali.

---

#22 Kalamu Butu

Binti, kwa sehemu kubwa ndiyo. Na nadhani Sloan aliliona mapema. Mwaka huo huo wa 1917 alichora bamba lingine, *Hell Hole*: chumba cha nyuma cha baa iliyoitwa Golden Swan, kona ya Sixth Avenue na West 4th. Eugene O'Neill, mwandishi wa tamthilia, amekaa juu kulia. Moshi, meza zimebanana, watu hawaangaliani. Hakuna taa za Kichina mle. Fundi, wewe utasema vizuri zaidi tofauti ya mkono.

---

#23 Fundi Wino

Kwenye *Hell Hole* ametumia na vumbi la utomvu. Unalinyunyiza kwenye bamba, unalipasha likashika, tindikali inakula kati ya chembe, unapata kijivu badala ya mstari. Ndiyo maana moshi unaonekana umetanda chumbani. *Arch Conspirators* ni mistari mitupu, kila giza limetengenezwa kwa sindano, ndiyo sababu hewa yake ni kavu na kali. Mwenye ujuzi wa vyote viwili akichagua kimoja, ana maana yake. Paa alitaka lipumue.

Na kama kuna mtu atafika Marekani akataka kuona kazi zake kwa wingi, aende Delaware Art Museum, Wilmington. Mkewe wa pili, Helen Farr Sloan, alipeleka huko michoro, chapa na makaratasi yake. Chapa nyingi hazitundikwi kwa sababu mwanga unakula karatasi. Andika barua kabla, omba upangiwe siku ya kutolewa sandukuni. Na ukipewa, usiiangalie kwa mbali kama picha ya ukutani. Inamisha, ipate mwanga wa pembeni, utauona wino umesimama juu ya karatasi, unashikika kwa macho.

---

#24 Ngosha Mkavu

Mimi bado nasema Paulo d'Angola kwanza. Ila Fundi, hiyo mashine ya Upanga iliishia wapi? Maana vijana wangu wawili wanachora hapa Mwanza na hawajawahi kuona bamba.

---

#25 Fundi Wino

Jengo la Upanga lilishavunjwa, mkuu. Nitumie ujumbe faragha. Mashine ndogo mafundi wa vyuma wanaweza kuchonga, cha muhimu ni magurudumu yawe sawasawa na fremu isitikisike. Shaba chakavu inapatikana, ila muwe na glavu na dirisha wazi, ile tindikali haina masihara.